Dawa tatu jana, leo moja: mseto wa antibayotiki ICU ukoje?

Dada mmoja jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, alinigongea mlango saa moja usiku, mguuni kandambili moja ya bluu nyingine nyekundu, nikajua leo kuna jambo. Mjomba wake yuko ICU, yaani wodi ya mahututi, hospitali siitaji, alipasuliwa utumbo uliojisokota akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, siku ya tisa homa ikarudi na presha ikashuka, madaktari wakamuanzishia antibayotiki tatu za mshipa kwa mpigo. Familia ikachanga, mmoja katoa hela ya kodi, mwingine kauza mbuzi wawili kule Pongwe, dawa zikanunuliwa. Alafu siku ya nne ya hizo dawa wanafika wodini wanaambiwa mbili zimesimamishwa, mgonjwa anaendelea na moja tu. "Kaka, wameona tumeishiwa ndo wakampunguzia, si ndo hivo?"

Sio hivo, ila kumueleza kwanini sio hivo ilinichukua birika zima la chai. Mie sio daktari, miaka yangu imeishia maabara kuotesha wadudu, yaani bakteria, kwenye sahani, kwahiyo naelezea kwa upande ninaoujua.

Neno lenyewe tunalo jikoni. Mseto wa choroko na mchele, choroko unaitanguliza sufuriani maana ina ukaidi, mchele unafuata, kila kimoja kinaleta chake. Ukichanganya mchele na mchele hujapika mseto, umepika wali mwingi. Shika hapo kwasababu karibu ubishi wote wa antibayotiki za ICU ni huo, je hapa tumepika mseto au tumepika wali mwingi?

Na watu wa Tanga hili tumeshaliona kwa macho yetu kwenye malaria. 2001 klorokwini iliondolewa ikaja SP (ile Fansidar), 2006 sera ikahamia ALu, yaani artemeta na lumefantrini pamoja, ambayo mpaka leo mtu anaingia duka la dawa anasema nipe mseto na anaeleweka. Katikati hapo, kuanzia 2002 mpaka 2004, watafiti walikuwa Muheza wanapima dawa kwa watoto wadogo 1,811. Waliopewa amodiakwini peke yake, siku ya 14 asilimia 42 bado walikuwa na vimelea kwenye damu. Waliopewa amodiakwini na SP asilimia 20, amodiakwini na atesunati 11, ALu 1. Unaona mseto unalipa eeh? Subiri siku ya 28, wale wa amodiakwini na SP walikuwa wamefika asilimia 61, hata ALu ilifika 21, ingawa sehemu ya hizo ni mbu wapya wa Muheza sio dawa kushindwa. Dawa mbili lakini zaidi ya nusu wamerudi palepale, kwasababu SP ilikuwa imeshachoka Muheza na amodiakwini nayo inachechemea. Ukimfunga ng'ombe aliyechoka na mwenzake aliyechoka jembe haliendi.

Malaria sio bakteria najua, ila hesabu inafanana.

Sasa huko ICU kuna nini. Watu wanadhani ni chumba kisafi kuliko vyote hospitalini, kumbe ndo penye wadudu wagumu kuliko wote na sio kwasababu ya uchafu peke yake. Mgonjwa ana bomba kooni, katheta kwenye kibofu, mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, yaani milango yote ambayo mwili huwa unaifunga imewekewa kitu kinachoizuia isifunge. Kwenye kuta za hiyo mirija wadudu wanajenga utando wa ute wanaishi ndani yake, dawa inapita juu kama mvua juu ya bati. Na wagonjwa wengi mle ndani wanapewa antibayotiki ya aina fulani, kwahiyo mdudu dhaifu anakufa na aliyebaki ni sugu, anahama kwa mikono ya wahudumu, kwa mashuka, kwa kitufe cha mashine. Asinetobakta anaweza kukaa kwenye reli kavu ya kitanda wiki kadhaa akisubiri mtu. Mwingine ni Klebsiela, huyu ukimgusa kwenye sahani kwa kijiti anavutika kama mlenda, na Sudomona ambaye sahani yake ina rangi ya kijani na inanukia kama zabibu, harufu nzuri kabisa ya mdudu mbaya.

Hawa wote ni wale tunaowaita Gram-hasi, wana ganda la ziada kwa nje. Dawa ikija kwanza ikutane na hilo ganda, ikipenya ikutane na vimeng'enya vinavyoikatakata, ikipona hapo kuna pampu zinaitema nje. Shirika la Afya Duniani liliwaweka Asinetobakta na jamii ya Klebsiela waliogoma karbapenemu, ambazo ndo zilikuwa kama dawa zetu za mwisho, kwenye kundi la hatari kuliko yote katika orodha ya 2017, na ile ya 2024 imewabakiza hapohapo. Makadirio yaliyotoka 2022 yanasema mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria.

Haya, kwanini daktari aanze na dawa tatu? Sababu ya kwanza haina uhusiano wowote na dawa kusaidiana, ni kubahatisha kwa akili. Mgonjwa presha imeshuka kwa sababu ya maambukizi kwenye damu, miongozo inataka antibayotiki iingie ndani ya saa moja, na wakati huo hakuna binadamu anayejua mdudu ni yupi. Mie maabara ukiniletea damu saa nne asubuhi siwezi kukujibu saa tano. Chupa ya damu inakaa kwenye kiotozi mpaka mdudu aanze kuota, mara nyingi siku nzima, nampaka kwenye sahani siku nyingine, nampima na dawa siku nyingine tena, hapo ni siku mbili tatu mambo yakienda vizuri na umeme usipokatika. Kwahiyo daktari anatupa nyavu tatu za matundu tofauti, moja imnase huyu, nyingine yule. Mjomba wa dada alipewa meropenemu (ni ya jamii ya karbapenemu), amikasini na vankomaisini. Hizo mbili za kwanza ni kwa ajili ya Gram-hasi, ya tatu ni kwa kundi lingine kabisa endapo mdudu katokea kwenye ngozi kupitia mrija wa shingo.

Na gharama ya kukosea mwanzo ni kubwa kweli. Muhimbili kulifanyika utafiti 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa na homa kali, waliokutwa na bakteria Gram-hasi kwenye damu walifariki asilimia 43.5 huku wale wa malaria walifariki 20.2, na moja ya vitu vilivyoendana na kifo ni kuanzishiwa dawa ambayo mdudu alishaigomea. Zaidi ya mara mbili ya malaria! Wakati huo mtaani kila homa ni malaria. Ndo maana pia kichanga akizaliwa akaugua anachomwa ampisilini na jenta (jentamaisini) pamoja, hakuna muda wa kusubiri kujua.

Sababu ya pili ndo mseto wa kweli, dawa moja kuifungulia nyingine njia. Mfano uliothibitika zaidi ni mdudu anaitwa enterokokasi akikaa kwenye valvu ya moyo, penisilini inabomoa ukuta wake, jenta ambayo peke yake isingepenya kwa kiwango cha kutosha inaingia kwenye tundu na kuvuruga kiwanda cha protini ndani. Moja inavunja mlango, nyingine inafanya kazi. Kutoka hapo watu wakatumaini kila mbili zikikutana zitasaidiana hivohivo, na kwenye bomba la kioo maabara mara nyingi kweli zinasaidiana, mie mwenyewe nimeshaona. Mwili wa mtu mahututi lakini sio bomba la kioo.

Ya tatu ni kuzuia mdudu asizae sugu wakati wa matibabu, na hii tumeijifunza kwa TB. Streptomaisini ilipokuja miaka ya 1940 wagonjwa walinyanyuka vitandani, baada ya miezi michache wengine wakarudi na TB iliyogoma dawa. Hesabu yake nyepesi, kama mdudu mmoja kwenye milioni anazaliwa akiwa sugu kwa dawa A na mmoja kwenye milioni kwa dawa B, wa kuwa sugu kwa zote mbili ni mmoja kwenye milioni mara milioni, huyo pafu lote halina. Ndo maana dawa za TB mpaka leo unaanza na nne ndani ya kidonge kimoja na ARV ni tatu ndani ya kimoja.

Hapo dada akanikamata. "Sasa kama TB hawapunguzi wiki ya kwanza, mjomba wangu wanampunguzia ya nini?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wanafunzi wa field. Ile hesabu ya milioni mara milioni inasimama kama usugu unazaliwa mmoja mmoja, bahati mbaya tofauti kila mara, na TB iko hivyo. Wadudu wa ICU hawafanyi hivyo. Wao wanapeana usugu kwa kipete cha DNA ambacho mmoja anamkabidhi mwenzake, na kwenye kipete kimoja kunaweza kuwa na usugu wa dawa tano sita umefungwa pamoja kama furushi la mhamaji, masufuria ndani, mkeka juu, kuku pembeni. Akipokea furushi kapokea vyote. Kwahiyo dawa mbili hazimuwekei vizingiti viwili, na mara nyingi mdudu hajageuka sugu ndani ya mgonjwa wako, kaja hapo akiwa sugu tayari. Tena matibabu ya TB ni miezi, ya mjomba ni kama wiki.

Sasa ushahidi, maana hapa watu wanapenda kubishana kwa imani. Kuna dawa inaitwa kolistini, ilipatikana Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikatumika, ikaja kuachwa kwa sababu inaumiza figo, alafu wadudu walipogoma kila kitu ikabidi iitwe tena kazini kama mzee mstaafu. Inafanya kazi kwa kung'ang'ania ganda la nje la Gram-hasi na kulitoboa. Wazo likaja kwamba kolistini ikitoboa, meropenemu ipite hapohapo hata kama mdudu ni sugu kwa meropenemu. Linavutia, ndo ile habari ya mlango. Wakalipima kwa wagonjwa 406 Israeli, Ugiriki na Italia, majibu yakatoka 2018. Waliopewa kolistini peke yake matibabu yalishindikana asilimia 79, waliopewa zote mbili 73, tofauti ambayo kitakwimu huwezi kusema ni ya kweli, na vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 43 kwa 45. Wengi wao walikuwa na Asinetobakta. Walioongezewa meropenemu waliharisha zaidi. Utafiti mwingine mkubwa wa swali hilohilo ukatoka 2023, vifo asilimia 43 kwa 37, nao haukuweza kusema mseto umeshinda. Kabla yao, 2013, Waitalia waliongeza rifampisini kwenye kolistini kwa wagonjwa 210 wa Asinetobakta, mdudu alipotea zaidi kwenye vipimo ila watu walikufa kwa idadi ileile. Hiyo iliniuma kidogo mie mtu wa maabara, sahani safi na mgonjwa hayupo.

Wali mwingi basi? Sio moja kwa moja. Uchambuzi wa 2017 kwa wagonjwa wenye jamii ya Klebsiela sugu kwenye damu ulionyesha mseto unaendana na kupona kwa wale waliokuwa hoi zaidi, waliokuwa na afadhali haukuwaongezea kitu, ingawa huo ulikuwa wa kuangalia mafaili sio wa kugawa wagonjwa kwa kura. Na kwa Asinetobakta sugu wataalamu wa Marekani bado wanashauri angalau dawa mbili mpaka mgonjwa aonyeshe nafuu. Mie nikipima naona wanasema hivyo zaidi kwa sababu hakuna dawa moja wanayoiamini, kuliko kwa sababu mbili zimethibitika.

Kuna mseto lakini unaofanya kazi vizuri sana, wa dawa na mlinzi wake. Huu umeshaumeza, Augmentin ni amoksilini na klavulaneti, klavulaneti kazi yake ni kujitoa mhanga, inakamata kimeng'enya cha mdudu ili amoksilini ipite. Wa kisasa wanakwenda kwa mtindo huo. Sulbaktamu ilizaliwa kuwa mlinzi, ikaja kugundulika kwamba kwa Asinetobakta inaua yenyewe, mdudu naye akajifunza kuikata, basi 2023 Marekani ikaidhinisha sulbaktamu ikiwa na durlobaktamu, yaani mlinzi kawekewa mlinzi. Na ninaoupenda mie ni huu, kuna kimeng'enya NDM, jina limetoka New Delhi, kilitambuliwa kwa mgonjwa raia wa Sweden aliyekuwa ametibiwa India, kinakata karibu familia yote ya penisilini na karbapenemu isipokuwa dawa moja inaitwa aztreonamu. Tatizo mdudu mwenye NDM kwa kawaida anakuwa na vimeng'enya vingine mfukoni vinavyokata aztreonamu. Avibaktamu, mlinzi mwingine, haiwezi NDM ila inaviweza hivyo vingine. Ukiziweka pamoja avibaktamu inavishika vile vingine, aztreonamu inapita mbele ya NDM bila kuguswa, mdudu chali. Peke yake hakuna inayotosha, pamoja zinatosha, na unajua kwanini zinatosha. Huo ndo mseto wa choroko na mchele. Bei yake usiulize.

Upande wa pili dawa zinaweza kukorofishana kabisa. 1951 kulichapishwa taarifa ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetrasaiklini walikufa wengi kuliko waliopewa penisilini tupu. Penisilini inaua mdudu akiwa anajenga ukuta, tetrasaiklini inamlaza, na aliyelala hajengi. Hapo hatujagusa amikasini inavyoumiza figo na masikio, wala kuhara kunakokuja bakteria wazuri wa tumbo wakifyekwa. Mgonjwa wa ICU figo zake ziko kwenye uzi, kila siku ya ziada ya amikasini ni deni. Hata huku mtaani, ule mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini tunaoujua kwa jina la Ampiclox, unaouzwa kwa kila kidonda na kila kikohozi, WHO imeuweka kwenye kundi la michanganyiko isiyopendekezwa.

Kwahiyo turudi kwa mjomba. Siku ya tatu jioni kalcha, yaani majibu ya kuotesha mdudu maabara, ilirudi. Nilimwambia dada anioneshe karatasi, alikuwa kaipiga picha kwenye simu. Hiyo karatasi inatoka hivi, unampaka mdudu sahani nzima kama unavyopaka samli kwenye chapati, unaweka vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake, kesho asubuhi unatoa sahani unaishika kwenye mwanga. Dawa inayofanya kazi inakuwa na duara safi kuizunguka, isiyofanya kazi mdudu kaota mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi kama nyasi kwenye nguzo. Unachukua rula unapima duara kwa milimita unalinganisha na jedwali, S maana yake anasikia, R kagoma. Ya mjomba ilikuwa Klebsiela, seftriaksoni R, siprofloksasini R, amikasini S, meropenemu S. Kwenye mrija wa shingo hakukuota kitu.

"Amikasini si inafanya kazi, mbona wameitoa?"

Kwasababu meropenemu inatosha, na miongozo ya kimataifa ya 2021 inasema hivyohivyo, anza na mbili za Gram-hasi kama una wasiwasi na usugu, ukishamjua mdudu na dawa inayomuua usiendelee kuzibeba zote. Waliomtolea zile mbili walimuondolea sumu ya figo na dawa isiyo na adui wa kupigana naye. Kilichoniudhi mie ni kwamba hakuna aliyekaa na hiyo familia dakika tano kuwaambia hivi, wamepewa karatasi ya kununua na wamepewa taarifa ya kusitisha, katikati hapo wameachwa wajaze wenyewe, na mtu aliyeuza mbuzi atajaza anavyojua. Nikamwambia pia asiishie kuuliza dawa, aulize ule mrija wa shingo unatoka lini na bomba la kooni linatoka lini, maana kuna siku kuutoa mrija kunazidi antibayotiki yoyote utakayonunua.

Mjomba alitolewa bomba siku ya kumi na nne akahamia wodi ya kawaida, sauti imekwaruza na mguu mmoja umelegea kwa kulala sana, ila anadai chai ya rangi na mkate wa mofa.

Zilibaki chupa nne za vankomaisini. Dada kaziweka kwenye mlango wa friji pembeni ya juisi ya ukwaju, mpango wake ampe shoga yake mwenye UTI azikoroge anywe. Nikamwambia ile dawa ni pande kubwa, ganda la nje la wadudu wengi wa UTI haliiruhusu ipite, na ukiinywa haiingii hata damuni inaishia tumboni. Tukazibeba mpaka kwa mfamasia wa wodi. Akasoma tarehe, akauliza zilikuwa zimekaa wapi, akasema hawezi kumpa mgonjwa mwingine dawa ambayo hajui imelala wapi wiki nzima, atazipeleka na zinazoteketezwa. Dada akaziangalia zinavyotumbukizwa kwenye ndoo, akasema, "Basi mbuzi mmoja wa Pongwe kaishia hapo."